Wati za Mama Mkwe

Inveta haichaguliwi na fundi wa umeme. Yeye huifunga tu. Anayeichagua ni baraza la ukoo, na baraza likishakaa, hesabu za wati huwa kisingizio. Kinachojadiliwa hasa ni nani anyimwe. Nazungumza kama mmiliki wa nusu ya gari-nyumba lililoegeshwa nje ya nyumba ya shemeji yangu hapa Leicester. Tulilinunua kwa mchango: sisi nusu, yeye nusu, na mamlaka yote akabaki nayo mke wangu, ambaye ni dada yake mkubwa.

Kwa msomaji aliyeko Tanga au Malindi, gari-nyumba ni gari la mizigo ambalo mahali pa mizigo pamewekwa vitanda, meza, jiko la gesi, friji, na choo ambacho ni bora kisizungumziwe. Waingereza wanalipenda mno. Mtu ana nyumba ya vyumba vitatu yenye joto, anaifunga, anaendesha saa nne hadi kando ya ziwa fulani, analala ndani ya boksi mvua ikimpigia paani usiku kucha, kisha anarudi kazini Jumatatu akisema amepumzika. Mke wangu aliambukizwa na wenzake wa kazini. Shemeji aliambukizwa na bei, maana alimpata muuzaji aliyekuwa na haraka ya kuuza, na haraka hiyo haikumtia wasiwasi hata kidogo.

Kiangazi kile Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Kwetu mkwe huheshimiwa, na sehemu kubwa ya heshima hiyo ni umbali. Unamwamkia, unapokea mzigo wake, unajiondokea. Sasa mweke mkwe ndani ya gari la mita sita, pamoja na wewe, mke wako, shemeji na mke wa shemeji, halafu uniambie utajiondokea uende wapi. Kila asubuhi nilikuwa nikisema “Shikamoo Mama” nikiwa bado nimejifunika shuka hadi kidevuni, naye anaitikia “Marahaba mwanangu, umeamkaje?” kutoka kitanda cha nyuma, nyuma ya pazia ambalo upana wake ulipungukiwa na shubiri mbili. Tulikubaliana bila kusemezana kwamba pazia ni ukuta.

Gari la namna hii lina umeme wa aina mbili. Kuna wa betri, volti 12, unaowasha taa, pampu ya maji na vitundu vya kuchajia simu. Na kuna kama ule wa nyumbani, volti 230, unaoupata ukifika kambi yenye nguzo za umeme na kuchomeka waya mnene wenye kichwa cha buluu. Pasipo nguzo, kila kifaa ulichobeba kutoka jikoni kwako ni pambo. Hapo ndipo inveta inapoingia: inachukua umeme wa betri na kuupandisha uwe kama wa nyumbani. Gari letu lilikuja na inveta yake, imefichwa chini ya kiti, na mwenye gari wa kwanza alikuwa ameibandikia karatasi ya onyo. Maandishi ya onyo lenyewe yalikuwa yamefutika.

Shemeji ndiye aliyepanga safari ya Wales, na kwa kuwa ni yeye, alikwepa kambi zenye nguzo akapata uwanja wa mkulima karibu na Llanberis, kwa bei ya sahani mbili za chipsi. Bomba la maji lilikuwapo. Kibanda cha kuogea kilikuwapo. Kondoo walikuwapo wa kutosha. Umeme haukuwapo.

Kejeli ya mahali pale ni kwamba ng'ambo ya ziwa kuna mlima uitwao Elidir Fawr, na ndani ya mlima huo mmefichwa kituo cha umeme cha Dinorwig, kilichofunguliwa mwaka 1984. Njia walizochimba ndani ya mwamba zina urefu wa kilomita 16. Usiku, umeme ukiwa wa bei ya chini, maji husukumwa kutoka ziwa la chini kwenda ziwa la juu. Nchi ikihitaji umeme wa ghafla, maji huachiwa yakaporomoka na kuzungusha mitambo yenye uwezo wa zaidi ya megawati 1,700, tena kwa muda wa sekunde. Mama akauliza, ni jambo gani hilo la ghafla kiasi hicho? Nikamjibu kwa furaha: chai, Mama. Tarehe 4 Julai 1990, England ilipotolewa kwa penalti na Ujerumani Magharibi katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, watu waliinuka kwenye makochi kwa wakati mmoja, na mahitaji ya umeme nchini yakaruka kwa megawati 2,800. Birika la umeme la hapa hula wati 3,000. Kama yote yangekuwa mabirika, ni karibu milioni moja yamewashwa kwa pamoja, taifa zima likijiliwaza. Mama alitafakari akasema hilo ndilo jambo la kwanza la maana alilolisikia juu ya Waingereza.

Basi tukiwa tumeutazama mlima ule uliotobolewa, Shemeji akaamua nasi tuwe na umeme.

Shemeji ana kipaji cha kuona njia za mkato, na shida ya kipaji hicho ni kwamba njia zenyewe huwa zipo kweli. Inveta ilikuwa na soketi moja tu, chini ya kiti, mahali pa kupiga magoti. Yeye akauchukua ule waya wa kichwa cha buluu unaolisha gari zima, akaufungia kiunganishi, na badala ya kuuchomeka kwenye nguzo akauchomeka kwenye inveta. “Shem, njoo uone!” Nikaja nikaona. Soketi zote za gari zikawa hai, ya jikoni, ya mezani, hata ile ya kitandani kwa Mama ambayo tulidhani ni mapambo. Kwa muda wa kama kikombe cha chai, mtu yule alikuwa shujaa wa familia.

Ila gari lina chaja yake. Kazi ya chaja ni moja: ikiona umeme wa volti 230, inaanza kuchaji betri. Haiulizi umetoka wapi. Kwa hiyo betri ikatoa umeme, inveta ikaupandisha, ukazunguka gari zima, chaja ikaushusha na kuurudisha kwenye betri ileile, na kila kituo cha njiani kilijikatia chake kikautoa kama joto. Ni mtu kukopa kikoba ili alipe kikoba hichohicho, huku kila hela inapopita mezani mweka hazina anachukua ya nauli. Friji nayo, ambayo ni ya zile zinazojichagulia, ilipoona umeme wa nyumbani umefika ikaiacha gesi yake iliyokuwa ikitumia kwa adabu ikahamia huko. Hakuna aliyejua. Betri ilikuwa inakufa kwa ukarimu.

Mama akawasha blanketi lake la umeme, zawadi aliyopewa na mke wangu siku ya kwanza aliyoiona mvua ya huku. Kidhibiti cha blanketi kikakonyeza taa nyekundu, kikazima, kikakonyeza tena. Akalipigapiga kama redio, halafu akaniambia kwa upole kupitia pazia kwamba blanketi linaonekana halinipendi. Kisha mke wa shemeji akachomeka mashine ya kukaushia nywele.

Mlio uliotoka chini ya kiti ulikuwa mkali na wa vipindi, pi, pi, pi, sawasawa na wa gari linalorudi nyuma. Shemeji, aliyekuwa ameshasinzia kwenye kitanda cha juu ya usukani, alikurupuka akapaza sauti mtu ashuke haraka asimame nyuma amwelekeze. Mke wangu, aliyekuwa naye nusu usingizini, akafungua mlango na kuteremka kweli. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua, taa zikafifia, zikazimika, na mlio ukakata katikati ya pi. Gizani ikasikika sauti tulivu ya mwanamke aliyekulia Korogwe akalelewa na mgao wa umeme. “Basi, wameshakata,” alisema Mama, akawasha tochi aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Nje, mke wangu alikuwa bado anauliza kama arudi nyuma zaidi.

Ndivyo tulivyofikia kutafuta inveta mpya.

Duka la vifaa vya magari haya lina rafu nzima ya inveta, na maboksi yake yamepakwa rangi za vinywaji vya kuongeza nguvu. Shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye boksi lililoandikwa 3000 kwa tarakimu za ukubwa wa kiganja, bei yake chini ya pauni 100. “Hii inawasha hata birika,” alisema. Nikaligeuza boksi. Kwa nyuma, kwa herufi za chungu, iliandikwa kwamba 3000 ni ya mshtuko wa muda mfupi tu, na kwamba kwa kazi ya kuendelea ni nusu yake. Hii ni desturi ya biashara hiyo: mbele ya boksi huandikwa inveta inachoweza kufanya ikitishwa, nyuma huandikwa inachoweza kufanya kila siku. Ile yetu iliyokufa ilijiita 1500 kwa kanuni hiyohiyo.

Kijana wa dukani alikuwa mwelewa kuliko maboksi yake. Aliuliza swali moja tu: “Mnataka kuwasha nini?” Nawaonya wauzaji wote wa inveta: swali hilo msiliulize familia iliyosimama pamoja. Mke wa shemeji alisema mashine ya nywele. Shemeji alisema televisheni, na akamaliza haraka mno, jambo lililopaswa kutushtua. Mke wangu alisema kompyuta yake ya kazi. Mama alipotafsiriwa alisema blenda, kwa ajili ya nazi, maana tui la kopo aliwahi kulionja na hataki kulizungumzia mbele za watu. Kijana alikuwa akiandika. Alipojumlisha, aliniangalia mimi, kama mtu anavyomwangalia msimamizi wa mazishi.

Akaanza na betri. Sisi tuna moja, ya risasi na asidi, ampia-saa 110. Betri ya aina hiyo ukizoea kuinywa kupita nusu, inazeeka kabla ya siku zake, kwa hiyo chako halisi ni ampia-saa 55. Zidisha kwa volti 12, unapata wati-saa 660. Huo ndio utajiri wetu wote, na hauongezeki kwa kununua inveta kubwa. Wati 3,000 kutoka kwenye volti 12 ni ampia 250, bado hujahesabu kinachopotea njiani. Kwa kasi hiyo utajiri wote unaisha kwa dakika 13 za kwenye karatasi. Kwa kweli hata hazifiki, kwa sababu betri ikinyonywa kwa nguvu namna hiyo volti zake zinashuka na inveta inaanza pi, pi, pi. Na ampia 250 hazipiti kwenye waya wa taa. Zinataka waya mnene, mfupi, wa shaba, wenye bei inayoweza kuizidi ile ya inveta yenyewe. Shemeji alilirudisha boksi rafuni, lakini taratibu, akiliangalia.

Kuna jambo jingine ambalo maboksi hayalitangazi. Inveta ikiwashwa tu, hata isipochomekwa kitu, inakula. Kubwa ya bei rahisi inaweza kula wati 20 kwa kukaa tu. Iache hivyo mchana na usiku, ni wati-saa 480 kati ya 660 zako. Nina jamaa wa aina hiyo, lakini hao angalau huwa wanasimulia habari.

Halafu kijana akaja kwenye mawimbi. Umeme wa nyumbani hupanda na kushuka kwa mviringo, mara 50 kwa sekunde. Inveta za bei ya chini hazijui mviringo. Zinapanda kwa ngazi, vup, zinashuka kwa ngazi. Pasi au balbu ya zamani haijali. Lakini mota ya blenda inanguruma na kupata joto, chaja nyingine huungua, na vidhibiti vya kielektroniki vya mablanketi hukataa kabisa kuelewa vinachoambiwa. Nilipomtafsiria Mama sehemu hiyo, alifurahi. Kumbe blanketi halikuwa na neno na mimi.

Tulirudi nyumbani mikono mitupu, na jioni ile baraza likakaa sebuleni chini ya uenyekiti wa Mama. Hakuna aliyemchagua. Mtu aliyepanga maisha ya watoto sita kwa ratiba ya mgao haombi kura. Alitaka aambiwe kila kifaa kinakula kiasi gani na kwa muda gani, na swali hilo la pili ndilo lililogeuza kesi. Shemeji alikuwa amejenga hoja yake kwamba blenda ni wati 400 na televisheni ni 40, kwa hiyo Mama ndiye mlaji mkubwa, yeye ni mnyonge. Mama akauliza blenda inasaga nazi kwa dakika ngapi. Tatu. Na mpira unachezwa kwa muda gani? Nikapiga hesabu: blenda wati-saa 20, televisheni kwa saa mbili ni 80, tena bila dakika za nyongeza. “Basi nani mlaji?” aliuliza Mama. Shemeji alitazama dari.

Birika lilitolewa bila kupigiwa kura. Chai, alisema Mama, inachemshwa sufuriani kwenye gesi, maziwa, tangawizi na iliki vikiwa humohumo. Hayo ya birika ni maji ya moto yaliyopakwa rangi. Mashine ya nywele, wati 2,000, ilipelekwa kwenye vibanda vya kuogea vya kambi, ambavyo mara nyingi huwa na soketi, na mke wa shemeji akakubali kwa sharti kwamba kuanzia siku hiyo mumewe haruhusiwi kuchagua kambi. Sharti lilipita kwa makofi. Blanketi lilipewa saa moja ya kupasha kitanda, basi. Kompyuta ya mke wangu haikujadiliwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiandika muhtasari.

Kilichobaki, ukijumlisha vinavyoweza kuwashwa kwa wakati mmoja na kuacha nafasi ya ule mshtuko wa mota ya blenda inapoanza, kilitaka inveta ndogo kuliko ile iliyokufa. Tulinunua ya VA 800, ya wimbi safi. VA 800 hizo kwa kazi halisi ni kama wati 650, na joto likipanda zinapungua, kwa hiyo haifungiwi kwenye sanduku la mablanketi. Ina hali ya usingizi, ikikosa mzigo inakula kidogo sana. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya boksi la 3000. Shemeji alilia kwamba tumelipa zaidi ili tupate kidogo, akawapigia simu ndugu wa Dar es Salaam kuwaeleza, nao, kama kawaida ya ndugu wa mbali, wakamuunga mkono wote.

Fundi aliyeifunga aliweka fyuzi karibu na betri, waya mfupi mnene, na swichi inayohakikisha umeme wa inveta na umeme wa nguzo havikutani hata siku moja. Soketi ya chaja na ya friji akazitenga kabisa upande wa nguzo. Alipoona kile kiunganishi cha Shemeji kikining'inia chini ya kiti aliuliza nani alikitengeneza. Tulijibu kwamba gari lilikuja nacho. Mbele ya mgeni, familia ni familia.

Safari iliyofuata tulikwenda Bala, hukohuko Wales, kando ya ziwa la Llyn Tegid, tena pasipo nguzo. Mama alibandika mgao kwenye mlango wa kabati, jina la mtu, kifaa, muda. Blanketi lake liliwaka kimya, bila kukonyeza. Mke wangu alifanya mkutano wake wa kompyuta. Kufikia Jumamosi mchana, samaki wamekaangwa, mchele umeoshwa, nazi imevunjwa na nyama yake imekatwakatwa tayari, Mama akabonyeza blenda. Ikageuka mara mbili. Pi, pi, pi.

Uchunguzi haukuchukua muda. Kile Shemeji alichokiita televisheni dukani, haraka haraka, kilikuwa televisheni pamoja na mashine ya michezo ya video, na hiyo ya pili hula wati 180. Alikuwa ameicheza asubuhi nzima kitandani kwake juu ya usukani, sauti ameizima, huku sisi tukimsifu kwa utulivu. Nayo sola ya paani, ambayo kukiwa na jua huirudishia betri kidogo, ilikuwa imefunikwa na mawingu ya mvua tangu jana yake.

Mama hakugomba. Aliingia nyuma ya pazia, akafungua sanduku, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kanga, akakifungua mezani. Kibao cha mbuzi. Cha mninga, kinachokunjwa, meno ya chuma yaking'aa.

“Mama,” alisema mke wangu, “kilikuwapo siku zote hizi?”

“Kilikuwapo.”

“Na baraza lote lile la blenda?”

“Nyie mlikuwa mnazungumza inveta. Mbuzi hakuna aliyeniuliza.” Akakitandaza chini ya turubai la mlangoni, akaweka sinia, akavunja nazi nyingine akapasua katikati. Mimi nilianza kuinama ili nikae, kwa adabu, mkwe hawezi kusimama tu. Akanizuia kwa mkono. “Wewe pumzika, baba. Mwenye wati zake yupo.”

Shemeji, mwenye futi sita na ndevu, alikalia mbuzi uwanjani Wales, magoti yakimfika masikioni, akaanza kukuna. Mama alimsimamia: azungushe kifuu, asikandamize, asifike kwenye ngozi ya kahawia, tui lisije likabadilika rangi. Mzee mmoja wa Kiingereza wa gari la jirani alitoka na mwavuli, akatazama kwa muda, akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama nao wana kifaa hicho.

“Shem,” Shemeji aliniita, jasho likimtoka kwenye baridi ile, “nimesoma kuhusu betri za lithiamu. Hizo unaweza kuzinywa karibu zote. Tukichanga nusu kwa nusu...”

“Kuna nazi, mwanangu,” alisema Mama.